Barua ya wazi kwa Afisa Elimu: Binti yangu alipigishwa magoti kwa kuuliza kuhusu vyama

Kwa Afisa Elimu, Elimu ya Msingi,
Halmashauri yetu,
Mkoa wa Tanga.

YAH: SIASA ZA VYAMA KUINGIZWA SHULENI KWA JINA LA UZALENDO

Ndugu Afisa Elimu,

Nakusalimu kwa heshima. Hii ni barua yangu ya nne kwako. Ya kwanza niliileta mwenyewe mwezi wa pili, ikagongwa muhuri wa mapokezi nikabaki na nakala. Ya pili, ya mwezi wa nne, ilipitia kwa Afisa Elimu Kata kama nilivyoelekezwa. Ya tatu niliiandika mwezi wa sita, baada ya kukaa kwenye benchi la ofisi yenu mara mbili kuanzia saa mbili asubuhi hadi adhuhuri. Siku zote mbili niliambiwa umetoka na msafara. Mpaka leo, mwezi wa nane, sijajibiwa hata kwa mdomo. Ndiyo maana hii naiweka hadharani, waisome na wazazi wenzangu.

Jina la shule silitaji, la mwalimu silitaji, na la chama silitaji. Shule unaijua kwa kuwa imo kwenye barua tatu ulizonazo. Mwalimu ana familia yake na mimi sitafuti kumwaga unga wake. Na chama sikitaji kwa sababu kingekuwa kingine chochote, chenye rangi nyingine zozote, ningeandika maneno haya haya bila kupunguza hata moja.

Mimi ni fundi cherehani. Ni mwaka wa kumi na tisa sasa nashona sare za shule hapa Tanga, sketi za bluu na mashati meupe, na watoto wengi wa mtaa wetu nawajua vipimo vyao kabla sijawajua majina. Wanangu ni watatu. Wawili wamemaliza katika shule hiyo hiyo, wa mwisho yuko darasa la sita. Mimi mwenyewe nilianza darasa la kwanza mwaka 1984. Tulikimbia mchakamchaka alfajiri, tukasimama mstarini, tukasoma somo lililoitwa Siasa. Chama kilikuwa kimoja na Katiba ilikitambua hicho kimoja. Wakati ule siubezi, niliupenda. Babu yangu mzaa mama aliletwa kutoka Songea kuja kukata mkonge akiwa manamba, akaoa huku, akazeeka huku, akazikwa na watu wa makabila mengine waliomlilia kama ndugu yao wa damu. Nchi iliyomfanya mtu wa Songea akawa wa Tanga naijua thamani yake, nami nimemfundisha binti yangu kuipenda. Inaniuma kuona anarudi kutoka shule amefundishwa kwamba kuipenda nchi ni kunyamaza.

Nina malalamiko sita. Baadhi nimekwisha kukuandikia, mengine ni mapya.

1. Siku za masomo zinazoishia barabarani

Muhula wa kwanza ulipofungwa nilichukua daftari la Hisabati la binti yangu nikafuatisha tarehe. Mwalimu wake wa Hisabati ni mtu makini: kila siku huandikisha tarehe, husahihisha na kusaini. Nikakuta siku saba za shule hazimo. Nikamuuliza mtoto moja baada ya nyingine. Siku moja alikuwa na homa. Siku nyingine mvua za masika zilikata njia. Tano zilizobaki alikuwa barabarani, amepangwa na wenzake wanasubiri mgeni.

Katika hizo tano, moja ilikuwa ya Mwenge wa Uhuru. Hiyo siilalamikii. Mwenge uliwashwa juu ya Kilimanjaro tulipopata uhuru mwaka 1961 na ni wa Watanzania wote, mwenye kadi na asiye na kadi. Moja ilikuwa ya kiongozi wa serikali aliyekuja kuzindua mradi wa maji, na maji hayo tunayanywa sote. Tatu zilikuwa za chama. Viongozi walikuwa wa chama, magari yalikuwa ya chama, na vibendera walivyogawiwa watoto havikuwa vya taifa.

Siku ya tatu walitolewa darasani saa tatu asubuhi. Mgeni alipita saa nane, vioo vya gari vimefungwa, hakusimama. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa hawajanywa uji wala maji. Mtoto wa jirani yangu alianguka kwa jua, kijana wa bodaboda akambeba hadi zahanati, na mama yake alipata habari sokoni, kutoka kwa mtu wa tatu. Mji wetu una msemo wake unaojulikana nchi nzima, waja leo waondoka leo. Msafara ule ulikuja ukaondoka siku hiyo hiyo. Zile hesabu za sehemu na desimali hazikurudi kufundishwa, nimelikagua daftari hadi ukurasa wa mwisho.

2. Nyimbo za chama mstarini, na skafu nilizoletewa kushona

Asubuhi mstarini huimbwa wimbo wa taifa, na ndivyo inavyotakiwa. Tangu mwezi wa kwanza mwaka huu, katika shule hii, wimbo wa taifa ukiisha unafuata mwingine unaokisifu chama kwa jina lake, kisha mwingine wa kumsifu kiongozi wake. Binti yangu aliponiambia nilidhani amesikia vibaya. Nikaenda mwenyewe asubuhi moja, nikasimama nje ya uzio karibu na mwembe, nikasikia. Watoto wa miaka sita, ambao kura yao ya kwanza wataipiga baada ya miaka kumi na miwili, walikuwa wanaimba jina la chama huku mwalimu wa zamu anawaongoza kwa fimbo kama wanafanya mazoezi ya kwaya.

Mwezi wa tatu mwalimu mmoja alikuja kwenye fremu yangu na furushi la kitambaa. Akaniomba nishone skafu arobaini za watoto wa halaiki. Nilipokifungua niliona rangi za chama, na nembo imechapwa katikati. Nikamwambia, "Mwalimu, hizi siwezi." Akasema, "Mama, zimetoka juu." Nikamuuliza juu ni wapi. Akatazama chini, akaanza kukunja kitambaa chake.

Kazi ile ingenilipia kodi ya fremu ya mwezi mzima, na mwezi huo nilikuwa nadaiwa. Niliikataa kwa sababu najua sare ni nini. Ukimvalisha mtoto sare unawaambia watu kwamba huyu ni wa shule fulani, apewe ulinzi, apishwe barabarani. Ukimfunga skafu ya chama juu ya sare hiyo unawaambia watu kwamba huyu ni wa chama fulani. Mtoto hajaulizwa, mzazi hajaulizwa. Katiba yetu ya 1977 katika ibara ya 20 inakataza mtu yeyote kulazimishwa kujiunga na chama. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992, iliyotungwa tulipoacha mfumo wa chama kimoja, inakataza kufungua matawi ya vyama sehemu za kazi na mashuleni. Waliotunga sheria hiyo wengi walikuwa wanachama wa chama kimoja kilichokuwepo, na bado waliona kwamba shule iachwe nje. Mimi si mwanasheria, lakini sioni tofauti kati ya kufungua tawi na kuwafunga watoto skafu za tawi.

3. Swali lililomfikisha mtoto magotini

Hili ndilo lililonifanya niandike barua ya tatu, na ndilo linaloninyima usingizi.

Ilikuwa mwezi wa tano. Katika kipindi cha Uraia na Maadili walifundishwa kwamba mwaka 1992 nchi ilirudi kwenye mfumo wa vyama vingi, na kwamba Katiba inavitambua vyama vyote vilivyosajiliwa. Binti yangu akanyosha kidole. Akauliza, "Mwalimu, kama vyama ni vingi na Katiba inavitambua vyote, kwa nini sisi mstarini tunaimba cha kimoja?"

Swali hilo ni la mtoto aliyesikiliza somo. Mzazi yeyote, mwalimu yeyote, angefurahi. Mwalimu alimuuliza, "Hayo umetumwa na nani huko kwenu?" Mtoto akasema hakutumwa. Kesho yake asubuhi aliitwa mbele ya mstari, akapigishwa magoti kwenye kokoto nyimbo zote zikiimbwa, na shule nzima ikaambiwa kwamba huyu ndiye mfano wa mtoto asiye na uzalendo. Alikuja nyumbani na vidonda kwenye magoti yote mawili. Aliniambia ameanguka akicheza. Nilijua ukweli siku mbili baadaye kutoka kwa mwenzake aliyekuja kuchukua sketi.

Tangu siku hiyo wenzake wanamwita mpinzani. Ana miaka kumi na miwili, hajui upinzani wala utawala. Mwalimu wake wa Sayansi, ambaye namshukuru sana, ndiye aliyenipigia simu kuniuliza kama mtoto ana tatizo nyumbani, kwa sababu zamani alikuwa wa kwanza kunyosha kidole na sasa hanyoshi tena, hata kwa jibu analolijua.

Ndugu Afisa, jibu la swali lile lilikuwepo, lingemchukua mwalimu dakika tano. Angeweza kuwaeleza watoto kwamba mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikazunguka nchi kuwauliza wananchi. Karibu wanane kati ya kila kumi walisema tubaki na chama kimoja, karibu wawili wakasema vyama viwe vingi. Pamoja na hayo tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka uliofuata sheria ikabadilika. Wale wachache hawakupigishwa magoti. Wakubwa wa nchi waliketi wakayapima maneno yao, wakaona yana uzito. Mtoto akifundishwa hivyo, anaelewa kwamba nchi yake ina masikio.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ana haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa. Na kabla ya sheria hiyo, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipoeleza maana ya Elimu ya Kujitegemea, kitu cha kwanza alichotaka shule imjengee mwanafunzi ni akili ya kudadisi. Cha pili ni uwezo wa kujifunza kwa wengine, na cha tatu ni kujiamini kama mtu huru aliye sawa na wenzake. Hayo aliyaandika wakati ule ambapo chama tulichokuwa nacho huku Bara kilikuwa kimoja tu.

4. Uzalendo wenyewe haufundishwi

Nilimwomba binti yangu anionyeshe alichoandika kuhusu uzalendo. Ilikuwa orodha ya majina ya viongozi na vyeo vyao, na sentensi kwamba mzalendo ni yule anayewaunga mkono viongozi. Nikamuuliza, na Abushiri je? Hamjui. Na Bwana Heri wa Saadani? Hamjui.

Pangani iko kilomita kama hamsini kutoka hapa. Mwaka 1888 watu wa pwani hii, kuanzia Pangani, walikataa kampuni ya Wajerumani kuwapandishia bendera na kuwatoza ushuru. Abushiri bin Salim aliwaongoza, na kule Saadani Bwana Heri akawaongoza watu wake. Tarehe 15 Desemba 1889 Wajerumani walimnyonga Abushiri pale pale Pangani. Alikuwa mwenye shamba la miwa mwenye asili ya Kiarabu, na walioshika silaha pamoja naye walikuwa wa kila aina, wakiwemo watu waliokuwa na ugomvi wao wenyewe na wenye mashamba. Hiyo peke yake ni somo la wiki nzima: watu wasiopendana wanaunganaje, na kwa sababu gani, na walishindwa kwa nini.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta mkonge Kikogwe, upande wa pili wa mto Pangani, na miche 62 tu ndiyo iliyonusurika safari. Mwaka huo huo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga kwenda bara. Kutokana na miche hiyo yalikuja mashamba yaliyowameza watu kama babu yangu, na kutokana na mashamba hayo ikaja migomo ya wakata mkonge mwishoni mwa miaka ya 1950, ambapo watu waliokuwa wakiitwa kwa namba walisimama wakadai waitwe kwa majina na walipwe. Babu alinisimulia. Alisema walikaa na njaa na wenye mashamba walidhani watarudi kazini kwa tumbo. Je, yule hakuwa mzalendo? Hakuwahi kupokea msafara wa mtu.

Shule ya kwanza ya serikali ya Wajerumani katika nchi hii ilifunguliwa hapa hapa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890. Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Waingereza yaliteremka karibu na Raskazone, wengi wao askari kutoka India, wakapigana na askari Waafrika waliokuwa chini ya Wajerumani, na nyuki wakawashambulia katikati ya vita. Watoto wetu wanapita karibu na makaburi ya vita ile hawajui waliolala ni nani. Hawaambiwi pia kwamba vita ile ilipoendelea miaka minne, wapagazi Waafrika walikufa maelfu kwa maelfu wakibeba mizigo ya wazungu wa pande zote mbili.

Sasa mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Nililifurahia niliposikia. Lakini kama litafundishwa kama orodha ya kushangilia, mtoto wa Tanga atalipata alama A na hataujua mji wake. Basi mbili zilizokodiwa mwezi wa nne kuwapeleka watoto uwanjani kwenye sherehe ya chama zingefika Pangani na kurudi siku hiyo hiyo.

5. Michango

Tangu Januari 2016 elimu ya msingi inatolewa bila ada wala michango ya lazima. Mwaka huu nimeombwa shilingi elfu mbili ya fulana, elfu moja ya "maandalizi ya wageni", na elfu moja tena ambayo hadi leo sijaelezwa. Hakuna risiti. Ukiuliza, mtoto ndiye anayesimamishwa.

6. Walimu na kamati ya shule

Yule mwalimu aliyemwadhibu binti yangu alinijia fremuni wiki mbili baadaye, jioni, peke yake. Sitasema yote aliyonieleza. Alisema kwamba akionekana hakuwapeleka watoto barabarani anaulizwa yeye, na akionekana anaacha maswali kama yale yapite bila hatua anaulizwa yeye pia, na kwamba amewahi kutishiwa uhamisho wa kwenda mbali na watoto wake. Alilia. Nikampa maji ya kunywa. Alichomfanyia mwanangu sijakisamehe bado, lakini nilielewa kwamba fimbo ile ilianzia mbali.

Kamati ya shule tumeichagua wazazi. Katika kikao cha mwezi wa sita nilinyosha mkono nikaomba hili liwe ajenda. Mwenyekiti alisema si mahali pake. Kama kamati ya shule si mahali pa kujadili mtoto aliyepigishwa magoti shuleni, naomba unielekeze mahali pake ni wapi.

Ndugu Afisa, najua majibu nitakayopewa kwa sababu mengine nimekwisha kupewa mlangoni.

Nitaambiwa kwamba ziara zile zilikuwa za kiserikali. Hilo lina kipimo rahisi. Barua iliyowaita watoto ilitoka ofisi gani, na bendera waliyopewa ilikuwa ipi? Naomba barua hizo zionyeshwe kwenye kikao cha wazazi.

Nitaambiwa kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Ni kweli, hata mimi nimepanga mstari barabarani nikiwa mtoto. Lakini wakati ule baba yangu na baba wa jirani walikuwa chini ya chama kimoja kwa mujibu wa Katiba. Leo kwenye benchi moja darasani wamekaa watoto watatu ambao wazazi wao wana kadi tatu tofauti, au hawana kabisa, na wote wanalipa kodi inayonunua chaki.

Nitaambiwa kwamba watoto wanafurahi, wanapewa soda na biskuti. Mtoto hufurahi kila kipindi kinapoahirishwa. Ndiyo maana kazi ya kuamua asome saa ngapi tumewapa watu wazima.

Nitaambiwa kwamba nimetumwa. Hili nimeshaambiwa. Mimi sina kadi ya chama chochote. Mume wangu anayo, na ni ya chama hicho hicho ambacho skafu zake niliziacha kushona. Yeye ndiye aliyekaa nami usiku mezani tukaandika barua ya tatu, na ndiye aliyeitia kwenye bahasha.

Na nitaambiwa kwamba uzalendo lazima ufundishwe. Ninakubali bila shaka yoyote. Bendera ipandishwe, wimbo wa taifa uimbwe, watoto wasimame wima. Lakini hata katika wimbo wa taifa wenyewe, Mahakama ya Rufani mwaka 2013 iliona kwamba haikuwa halali kuwafukuza shule wanafunzi wa Mashahidi wa Yehova walioshindwa kuuimba kwa sababu ya imani yao. Ikiwa mtoto hafukuzwi kwa wimbo wa taifa, itakuwaje apigishwe magoti kwa wimbo wa chama?

Basi ninachoomba ni hiki.

Utoe maelekezo ya maandishi kwa walimu wakuu wote walio chini yako kwamba hakuna mwanafunzi atakayetolewa darasani kwa shughuli ya chama chochote, na hakuna atakayevalishwa nguo, skafu au kofia ya chama akiwa na sare au akiwa shuleni. Kwa shughuli za serikali, mzazi ajulishwe siku moja kabla, aambiwe mtoto atarudi darasani saa ngapi, na maji ya kunywa yawepo.

Mstarini uimbwe wimbo wa taifa, wimbo wa shule, na nyimbo za kuisifu nchi, ambazo tunazo nyingi na nzuri. Nyimbo zinazotaja chama kwa jina zikome mara moja.

Siku tatu za masomo zilizopotea zifidiwe kabla ya kufunga shule mwezi wa kumi na mbili. Niko tayari kuchangia chakula cha walimu watakaobaki jioni.

Michango yote ya mwaka huu ielezwe kwa maandishi, na risiti zitolewe.

Mwalimu mkuu asimame mbele ya mstari ule ule, mbele ya watoto wale wale, aseme kwamba swali la binti yangu halikuwa kosa. Siombi mwalimu yeyote afukuzwe au ahamishwe. Naomba sentensi moja tu, isikike na wale waliosikia ile ya kwanza.

Na watoto wa darasa la sita wapelekwe Pangani kabla mwaka haujaisha. Wakienda, nitawashonea skafu arobaini za rangi za bendera yetu ya taifa, kijani, njano, nyeusi na buluu, kwa kitambaa changu na bila malipo. Vipimo vyao ninavyo.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30 kuanzia leo. Zikipita, Jumatatu itakayofuata nitakuja ofisini saa mbili asubuhi na wazazi wenzangu kumi na saba ambao wamesaini nakala ya barua hii. Tutakaa kwenye benchi kwa utulivu hadi utakaporudi.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi wa mwanafunzi wa darasa la sita,
Tanga.

Nakala:
Afisa Elimu Mkoa
Afisa Elimu Kata
Mwalimu Mkuu
Mwenyekiti wa Kamati ya Shule
Wazazi wote wa darasa la sita